Sadick, Dereva Anayeuliza Mgonjwa Alianguka Saa Ngapi

Saa mbili asubuhi, gari la Sadick Imrani limeshakipa kijiji cha Nyanungu kisogo. Kwenye kiti cha nyuma amelazwa Heche, mchimbaji wa dhahabu wa miaka arobaini na minane. Mdomo wake umepinda, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Kichwa chake kimepakatwa na shemeji yake, kijana Kisyeri.

"Ilimpata lini?" Sadick anauliza, macho barabarani.

"Jana jioni, tata," anajibu Kisyeri, akimwita baba kwa Kikurya. "Alikuwa kwenye pombe."

Sadick, mzaliwa wa Mugumu, ana miaka hamsini na mitatu. Dhahabu ilipowapandisha watu wazimu huku Tarime, naye alikuja na gari lake, akawa anabeba viroba vya mawe kutoka mashimoni. Siku hizi hubeba zaidi wagonjwa. Safari ya mjini humpa shilingi elfu tisini, na mafuta hula nusu.

"Mawe yanalipa vizuri zaidi," anasema, "ila jiwe halikusalimii mkikutana sokoni."

Swali lile alifundishwa na Shamsia, mpiga picha wa mashine ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa, hospitalini mjini. Shamsia anaeleza kwamba kiharusi ni cha namna mbili: mshipa wa kichwani umeziba, au umepasuka. Ukimtazama mgonjwa kwa nje, huwezi kujua. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humsaidia wa kwanza, na yule wa pili yaweza kumuua.

"Picha ndiyo inayotenganisha," anasema. "Lakini dawa hiyo ni ya saa chache za mwanzo. Tukiambiwa mtu alianguka jana, hata picha isipoonyesha damu, daktari hathubutu kuitoa."

Sadick anageuza kioo cha kutazamia nyuma. Shati la Heche bado linachuruzika maji ya tope.

"Mura, pombe gani hiyo ya kumlowesha mtu tangu jana mpaka leo?"

Kisyeri anatazama nje.

"Mimi si polisi," anasema Sadick. " Polisi angekaa mbele, na mafuta asingechangia hata mia."

Kijana anacheka kidogo, kisha machozi yanamtoka. Shimo lao lilifungwa na serikali ya kijiji baada ya kufukia watu. Wao huingia kwa kificho. Akisema ni leo, wakiwa shimoni, atakuwa amejitaja mwenyewe.

"Ukishikilia jana, huyu huenda asiongee tena maisha yake," anasema Sadick. "Dada yako utamwambia nini?"

Kisyeri anamfuta Heche tope shingoni.

"Ni leo, tata. Jua lilikuwa linatoka. Alikuwa ananitukana, ati navuta kamba kama mwanamke aliyejifungua jana. Tusi halikuisha, mdomo ukaenda upande."

Sadick anampa simu. "Mwambie Shamsia hivyo hivyo, na tusi lake."

Wanapofika, machela iko mlangoni na mashine imeshaandaliwa. Picha ya kichwa inatumwa kwa daktari bingwa Mwanza, na jibu linarudi Heche akiwa bado amelala pale pale mashineni: hakuna damu iliyomwagika. Daktari anamuuliza Kisyeri tena, mbele ya watu, ilikuwa saa ngapi na wapi. Kisyeri anajibu yote mawili. Dawa inaingia mshipani.

Hayo yalikuwa kabla ya mvua za vuli. Heche yuko kwake Nyanungu. Anaongea, ila polepole, na jina la mke wake halimkwami. Mkono wa kulia haushiki kitu. Kisyeri aliitwa na serikali ya kijiji, akatozwa faini ya laki mbili. Familia iliuza ng'ombe kuilipa. Sasa Kisyeri analima kijijini Kenyamonta kwa mjomba wake. Shimo limefukiwa, na kando yake limechimbwa jingine. Shamsia bado yuko kwenye mashine yake. Sadick anadunduliza apate gari refu, ambamo mgonjwa atalala akanyooka. Anadhani atalipata mwakani, akijaliwa.