Mzee Aliyesema Haa

Katika chumba chetu cha upasuaji, hapa Garissa, kuna karatasi ya maswali iliyobandikwa ukutani, na mimi muuguzi ndiye ninayeisoma kabla daktari hajashika kisu. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa nini? Upande gani? Simung'unyi maneno: kwa miaka kadhaa niliisoma kama mtu anayesoma risala kwenye harusi ya jirani, mbiombio, ili watu wapate kula.

Asubuhi moja tulikuwa na wazee wawili wenye ngiri, mmoja wa Hadado, yake ya kushoto, mwingine wa Masalani, yake ya kulia. Majina yao yote matatu yalifanana herufi kwa herufi. Huku hilo si ajabu, kwa kuwa mtu hubeba jina la baba na la babu, na majina yenyewe si mengi. Ndiyo maana kila mtu ana jina la utani, nalo halina huruma: kama una kipara, wewe ni Kipara mpaka kaburini. Lakini jina hilo haliandikwi kwenye faili. Faili zilitofautiana nambari tu, na nambari sikuisoma. Tena ngozi ya mgonjwa haikuwa imechorwa alama ya kalamu kuonyesha upande. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu daktari alikuwa amekwisha kunawa.

Daktari wetu alikuwa fundi hasa, na mkali kama pilipili. Muuguzi aliyenitangulia aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba kitambaa kimoja cha kufutia damu hakionekani. Kweli kilikuwa kimebaki tumboni mwa mgonjwa, kikatolewa. Kabla mwezi haujaisha, muuguzi yule akahamishiwa kliniki ya mbali kwa utovu wa adabu. Hakuna aliyetuambia wengine tufunge midomo. Tulijifunza wenyewe.

Mzee aliyeletwa kwanza alikuwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Kwa kulala chali ngiri ilikuwa imerudi ndani, tumbo likawa sawa pande zote. Nikamtajia majina matatu, nikamuuliza kama ndiye.

"Haa," akasema, yaani ndiyo.

"Ngiri iko upande wa kulia?"

"Haa."

Nikatia alama mbili za vema kwenye karatasi. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kuuzia mbuzi mnadani tu, na kwa adabu aliyolelewa nayo, humkatalii mtu aliyekuja kukutibu. Ningemuuliza kama ngiri iko kichwani, angesema haa.

Mlangoni alikuwa mama anayesukuma vitanda vya wagonjwa, Msomali mwenyeji wa hapa hapa, ambaye p kwake ni b. Kwa kawaida akishafikisha mgonjwa huondoka. Siku hiyo alibaki.

"Sista, huyu sio ule wa kulia. Ule wa kulia bado iko wodi."

"Nani amemuuliza huyu?" daktari akasema bila kugeuka.

Nilimfikiria mwenzangu aliyehamishwa, nikawafikiria wanangu walioko shule hapa mjini. Kisha nikasema, "Daktari, tungoje kidogo," kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

Mama akamwinamia mzee, akamuuliza kwa Kisomali kwao wanamwitaje. Mzee akacheka, akataja jina la utani lenye maana ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Yule wa wodini mwenye ngiri ya kulia, mama akatuambia, ndiye Kipara. Nikafungua faili, nikalinganisha nambari na ile ya kwenye bangili ya mgonjwa. Hazikufanana. Daktari akaagiza faili nyingine iletwe.

Alhamisi tulikuwa na kikao. Msimamizi wa hospitali akaniambia nisimame, akasema mimi ni mfano wa kulinda usalama wa mgonjwa. Watu wakapiga makofi, hata daktari. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, sikusema. Kwenye fomu ya kuripoti tukio lile, palipoandikwa "aliyegundua kosa", nilikuwa nimeshajaza jina langu, nikijidanganya kwamba wasukuma vitanda hawaandikwi humo. Sifa ni tamu, jamani. Mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, naye akapiga makofi. Naona haya mpaka leo.

Wiki chache baadaye tulimlaza mwanamke wa kutolewa uvimbe shingoni. Huyu alikuwa wa kulazwa usingizi kamili, na kwa usingizi huo tumbo lazima liwe tupu. Nilimuuliza kama amekula, akatikisa kichwa kukataa. Mara tu dawa ilipomshika, akatapika chai ya maziwa, ikamwingia kifuani. Tulihangaika naye kwa mashine ya kunyonya, na ilibidi awekewe oksijeni siku tatu. Alipona, lakini ilikuwa kwa rehema za Mungu, si kwa umahiri wetu.

Aliyemleta alikuwa mama yule yule. Nikamfuata koridoni nikiwa na hasira.

"Mama, ulijua amekunywa chai?"

"Nilijua. Dada yake alimletea asubuhi. Kikombe nimeona."

"Sasa mbona hukusema? Angekufa yule!"

Akasimamisha kitanda, akanitazama bila chuki yoyote.

"Ile siku nilisema, sista. Wewe ndio ulibigiwa makofi."