Latin Haina Debushe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Vilinizidi namba moja, na nilipoingia ofisi ya elimu pale Masisi vilipiga kelele kuliko mimi mwenyewe. Papa Enspekta, mkubwa wa ofisi, aliinua macho, akaangalia viatu kwanza, kisha mwenye viatu.

"Ulisoma seksio gani?"

"Latin-filo, Papa Enspekta."

"Yote? Mupaka diploma?"

"Yote, Papa."

"Njo maana unakuja kuomba kazi kwangu," akasema, akanisogezea kiti.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini. Uhuru ulikuwa bado mpya, na shule zilihitaji watoto kama vile watoto walivyohitaji shule. Kazi niliyopewa iliitwa oriantasio. Ninyi vijana mnaichukulia kuwa karatasi ya kujaza mwisho wa mwaka, basi. Wakati wetu ilikuwa kazi ya miguu. Mtoto akitoka shule ya msingi alisoma miaka miwili ya kupimwa, tuliyoiita seo. Baada ya hapo alichagua seksio yake: pedagoji kwa atakayefundisha, komersiale kwa atakayeketi ofisini, veterineri kwa atakayetibu wanyama, au Latin-filo, yaani Kilatini na filosofia, kwa atakayeendelea hadi universite. Mimi nilipita vijiji, nikaketi na wazazi, tukapima pamoja. Seksio hii itakula nini nyumbani kwenu, na mwisho wake mtoto ataleta nini?

Nilikuwa na karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza ilikuwa gharama, yaani minervale, ile karo ya shule, enterna ambako mtoto alilala na kula, na trusoo, ile orodha ya blanketi, sahani na kaptula mbili ambayo iliwatisha akina mama kuliko minervale yenyewe. Ya pili ilikuwa miaka. Ya tatu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ilikuwa "debushe". Kwa Kifaransa cha ofisi debushe ni kazi inayomngoja mtu akimaliza masomo. Gharama hatukuitaja kwa faranga, maana faranga za wakati ule zilibadilika bei kabla hujafika sokoni. Kwa wafugaji nilihesabu kwa mitamba, kwa wakulima kwa magunia ya maharage.

Papa Enspekta alinipa sheria moja tu. "Usimuambie muzazi achague nini. Muambie bei, muambie debushe, halafu funga kinywa. Mutoto si wako."

Sheria hiyo ilinipa shida, na sababu yake ni mama yangu. Alikuwa mjane, mkulima wa Muheto. Kwa ajili ya Latin yangu aliuza maharage mwaka hata mwaka, na mwaka wa mwisho akauza kipande cha kilima, kile chenye udongo mzuri. Niliporudi na diploma aliita majirani, akaniomba niseme kidogo hiyo Latin. Nikasimama mbele ya nyumba, nikasema: rosa, rosa, rosam, rosae, rosae, rosa. Watu walipiga makofi. Mama aliangalia udongo uliokuwa wake, akaniuliza polepole, "Na hii inaliwa na nini?" Hakuwa na ubaya, alitaka kujua kweli. Niliona haya mpaka masikioni. Nikaapa kwamba hakuna mzazi mwingine atakayeuza kilima akiwa karibu nami.

Mwezi wangu wa kwanza nilitumwa Kirolirwe, nchi ya ng'ombe. Wazazi walikusanyika nje ya kanisa baada ya misa. Mbele yao aliketi Papa Zakaria, katekista, mtu mrefu aliyeimba misa ya Kilatini tangu mwanzo hadi mwisho bila kitabu. Alikuwa na ng'ombe saba na nadhiri moja: tangu abatizwe hakuwa ameonja pombe, na hata kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kwetu inaingia kila arusi, haikuvuka ua wake. Mwanawe Faustin, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa wa kwanza katika seo. Nilikuwa nimeongea naye shuleni. Alitaka veterineri, na nafasi ilikuwa moja tu kwa eneo lote.

Nikasimama, nikaeleza seksio moja moja na debushe yake. Nilifika kwenye safu ya tatu nikiwa na moto. "Veterineri iko na debushe mingi sana," nikasema. "Fasi yote mutoto atafika, debushe. Lakini Latin, bazazi, nabaambia kweli, Latin haina debushe." Watu wakanong'ona. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Papa Zakaria aliitikia kwa kichwa taratibu, na mimi nikaona somo limeingia.

Jumatano karatasi zilirudi ofisini. Watoto walikuwa kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa wamechagua Latin-filo. Papa Enspekta alizipitia mara mbili.

"Wewe, nilikutuma kule kufanya oriantasio ao kampeni ya Latin?"

Nilimwapia kwamba nilisema kinyume. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Ijumaa mangaribi kamio ya posta inashuka Goma na liste ya majina. Rudia kule, uulize."

Alhamisi asubuhi nilimkuta Papa Zakaria anakamua. Faustin alikuwa ameshika ndama. Nikasalimu, nikangoja amalize chuchu mbili, nikashindwa kungoja zaidi.

"Papa Zakaria, kwa nini Latin? Nilisema haina debushe."

"Njo maana nimeichagua," akajibu bila kugeuka. "Wewe mwenyewe ulitusemea wazi, na tulikushukuru. Veterineri, fasi yote anafika, debushe. Mutoto yangu ajifunze kutunza ngombe na chupa mukononi? Mi niko katekista. Kwangu chupa haijafunguliwa."

Hapo nikaelewa. Kifaransa kina ubahili wa maneno. Debushe ni kazi inayokungoja, na ni kule kuitoa chupa kizibo. Watu wa Kirolirwe hawakuwahi kuingia ofisi ya serikali, lakini walikuwa wamepita mbele ya baa za Sake siku ya soko, na neno hilo walilisikia huko likipigiwa kelele kutoka kila meza. Kwao nilikuwa nimetangaza kwamba daktari wa wanyama anafunguliwa chupa kila anapofika, na Latin, lugha ya misa, haijagusa kizibo. Nani angechagua vingine?

Nilicheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo. Papa Zakaria hakucheka, kwa sababu maziwa yalikuwa yake. Nikaomba msamaha, nikaeleza neno lote tangu mwanzo. Alisikiliza, akafuta mikono, akatoa kizuizi cha pili ambacho sikukitegemea.

"Sawa, si pombe. Lakini kwenda mu masomo kujifunza ngombe? Ngombe ziko hapa. Baba yangu alinifundisha bure. Miaka ine na mitamba mbili ili anirudilie kuniambia huyu iko ngombe?"

Hapo Faustin aliachia ndama. "Papa, Gaju alikufa na mimba yake. Ulijua ni nini ilimuua?"

"Hapana."

"Na babu, alijua?"

Gaju alikuwa ng'ombe ambaye mke wa Papa Zakaria alikuja naye kwenye ndoa, na nilikuja kujua baadaye kwamba jina lake halikutajwa pale nyumbani kwa mwaka mzima.

"Mi pia sikujua," Faustin akasema. "Njo nataka kusoma."

Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduka. Akaniomba nihesabu tena, na tukahesabu. Veterineri ilikuwa mitamba miwili, miaka minne, kisha kazi. Latin ilikuwa mitamba miwili, miaka minne, kisha inaomba universite, na universite ingekula ng'ombe waliobaki mmoja mmoja mpaka zizi libaki mavi matupu. Aliposikia hayo aliniuliza swali ambalo kila mzazi aliniuliza baadaye.

"Na wewe ulisoma nini?"

"Latin, Papa."

"Mama yako alitoa nini?"

"Kilima."

"Wewe ungekuwa mi, ungechagua nini?"

Nilikumbuka sheria. Niliuma midomo, nikafunga kinywa kama nilivyoamriwa, na haikuwa rahisi. Papa Zakaria alinitazama usoni, hakupata kitu. Akashusha macho polepole mpaka kwenye viatu vyangu vya kuazima, ambavyo siku hiyo nilikuwa nimevifunga kwa kamba za migomba. Akavitazama muda mrefu.

"Leta kalamu," akasema.

Siku hiyo na kesho yake nilipita nyumba zote kumi zilizobaki nikisafisha neno langu. Saba walibadilisha, wengine pedagoji, wengine komersiale, watatu wakabaki na Latin kwa hiari yao wakijua bei. Nilifika Masisi dereva wa kamio amekwisha kuwasha mota. Papa Enspekta aliposikia habari yote alivua miwani, akacheka mpaka machozi, akachukua karatasi yangu ya safu tatu na kufuta neno la mwisho. Juu yake akaandika "kazi inayokungoja".

Baadaye nilihamishwa Walikale, ndani ya msitu, kwenye barabara ya kwenda Kisangani, mji ambao wazee bado waliuita Stan, kwa jina lake la kikoloni. Mkubwa wangu huko alikuwa Shefu wa Biro, mtu aliyevaa koti la mvua hata ndani ya nyumba, na katika Walikale hakukosea. Watu wa barabara walikuwa wachuuzi. Niliposimulia kisa cha Kirolirwe waliniuliza kwa uso mkavu kama ile seksio ya chupa, veterineri, bado ina nafasi.

Ni huko nilikopata mwalimu wangu mkubwa, Mama Sifa, muuza mafuta ya mawese. Alitazama hesabu yangu ya binti yake, akaweka kidole juu ya karatasi. "Umeandika feza nitalipa. Na mikono? Huyu mutoto anabeba bidon mbili kila soko. Miaka ine hayuko, nani atabeba?" Tangu siku hiyo karatasi yangu ilikuwa na safu ya nne, "mikono", na Shefu wa Biro akaiweka kwenye karatasi za ofisi nzima. Binti alikwenda pedagoji fupi, ile ya miaka miwili, akarudi mapema. Mama Sifa alinipa bidoni ya mafuta, na sikuikataa.

Nilistaafu nikiwa nimerudi Masisi, kwa viatu vyangu mwenyewe. Karamu ilifanywa kwenye uwanja wa ofisi. Faustin alikuja na mkoba wake wa sindano, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, ambaye wafugaji walimwita kutoka Kirolirwe mpaka Kitshanga. Alikuja na baba yake, mzee sana sasa, anayetembea kwa fimbo, na kati yao binti wa miaka kumi na minne, Odette. Papa Zakaria alikuwa na chupa kubwa iliyozibwa kwa jani la mgomba. Akaitoa kizibo mbele ya watu wote.

"Debushe," akasema. Yalikuwa maziwa. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nilikunywa nikilia kidogo.

Kisha akamsukuma mjukuu mbele. "Huyu amemaliza seo. Anataka Latin. Nakuuliza wewe, Latin bado haina debushe?"

Nilitaka kufunga kinywa, lakini kazi ilikuwa imekwisha, sheria pia. "Haina mingi, Papa Zakaria. Nakuambia kweli."

Mzee alimtazama mwanawe, na Faustin akaanza kuhesabu ng'ombe wa zizi kwa vidole, si kwa haraka. Alifika kumi, akaanza mkono wa kwanza tena.

"Basi aende," Papa Zakaria akasema. "Sasa ngombe ziko."

Odette aliniuliza kama ni kweli ninaijua. Nikasimama pale mbele ya sahani na chupa, nikasema naye neno kwa neno: rosa, rosa, rosam. Alirudia bila kukosea hata mara moja. Nilimkumbuka mama yangu, na kama angekuwepo ningemjibu swali lake, maana siku hiyo, baada ya maisha mazima ya kazi, Latin yangu ilipata debushe.