G ya Gordon

Watu wa Litein wakitaka kukuonyesha mjinga walikuwa wanakuonyesha Gordon Ojwang. Fundi wa redio anayeandika vitabu! Na si vya hadithi wala vya Mungu. Ni vitabu vya bodi, ile sahani ya kijani iliyo ndani ya mashine, yenye vijistari vya shaba na vifaa vidogo vilivyoganda juu yake kama kupe kwenye ng'ombe. Wakamwita Profesa wa Kupe.

Mimi nilikuwa nauza chai na githeri karibu na kibanda chake miaka kumi na sita, ukuta wa mabati tu katikati. Ninayosema nayajua.

Alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa chai kule Kericho. Baba yake alikuwa anatia kuni kwenye boila ya kiwanda. Gordon alikua akiokota bodi zilizotupwa, na alipokuwa mtu mzima hakuacha. Mkewe Akeyo alivumilia, akachoka, akarudi kwao ziwani akisema vidole vya huyo mwanamume vimezoea shaba kuliko mtu. Sikumlaumu.

Lakini kazi alijua. Mashine ikifa, kampuni iliyoiuza inakwambia ununue bodi mpya, ungoje meli. Mchoro hawakupi. Wengine huko ng'ambo wanakwangua hata majina ya vifaa ili usijue ni nini. Gordon aliirudia bodi kinyumenyume. Sindano moja ya mita ya kupimia umeme hapa, nyingine pale. Mita ikilia pii, ameshajua hizo sehemu mbili zimeungana, anachora mstari. Pii, mstari. Pii, mstari. Bodi moja wiki tatu. Mwishowe ana ramani ambayo wenye bodi walimficha. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha mizani za stima, zile za kupimia majani kwenye vituo vya chai. Mafundi wa Sotik na Bomet walikichukua kimyakimya, halafu wakamcheka hadharani.

Ndipo ugonjwa wa sukari ukamla macho. Wakati huo alikuwa anaanza kitabu cha pili, cha bodi ya tangi la kupozea maziwa, kama lile la ushirika mmoja upande wa Boito. Akaja kwangu akipapasa mabati.

"Mama Fancy, mwandiko wako kwenye ule ubao wa chakula umenyooka kuliko wa daktari. Niandikie."

"Niandike nini, na hata huoni kama nimeandika?"

"Nitapima kwa vidole na sikio. Wewe unaandika." Akapapasa benchi, akaketi. "Mimi nikifa, hizi vyuma zitauzwa kwa kilo. Hicho kitabu tu ndicho kitasema hapa kulikuwa na fundi. Hiyo ndiyo sida yangu."

"Sema shida kwanza, halafu nitakuandikia."

"Sida."

Tukacheka. Wajaluo na sh yao! Nikakubali, kwa sababu mchana baada ya chakula sikuwa na kazi, na pia, niseme ukweli, nilipenda kuambiwa mwandiko wangu umenyooka. Nilimaliza darasa la nane mwaka ambao wasichana wengi wa kwetu walikuwa wameshaolewa.

Tulifanya miezi mitano. Yeye anagusa, mita inalia, anataja, mimi naandika na kupiga mstari kwa rula. Nikimaliza ukurasa namsomea, naye anatikisa kichwa. Kulikuwa na kifaa kimoja cha miguu mitatu ambacho alikisema kwa heshima kama anataja mkwe. Mguu mmoja ni G, huo ndio mlango. Ukiugusa kwa umeme kidogo, umeme mkubwa unapita na kutokea mguu wa K. Ukibadilisha hiyo miwili, alisema, bodi inaungua yote.

"Kushoto ni G," akasema, akiitaja gi, kama tulivyozitaja shule, gi na ki.

Nikaandika. Nikamsomea.

Akainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. "Umesema K ama G?"

"Nimesema kama ulivyosema."

"Mama Fancy, usikasirike. Nyinyi Wakipsigis hizo mbili mnazisema moja. Tufanye hivi: G ya Gordon, K ya Kericho. Ukiandika unataja hivyo."

Mimi nilikasirika. Nilikuwa na wateja wawili kwenye benchi, na walisikia, na mmoja alikohoa kicheko.

"Ojwang," nikamwambia, "mimi nimesoma mpaka la nane. Kipofu hawezi kunifundisha A B C. Kama unataka G yako na Gordon yako, andika wewe na hayo macho yako."

Wateja wakaangua kicheko. Gordon akapapasa sindano ya mita mpaka akaipata. "Haya," akasema. "Tuendelee." Hakurudia tena kuniuliza herufi.

Kitabu kikatolewa fotokopi, nakala sitini, jina lake juu. Alikibeba kifuani siku nzima kama mtu aliyepewa mtoto.

Wiki ya tatu, siku ya soko, Kipkurui akafika. Huyo ndiye fundi wa lile tangi la Boito, kijana wa koti la bluu, fundi wa kufuata kitabu bila kupima. Alitupa bodi iliyoungua juu ya meza ya Gordon. Ilinuka mpaka kwenye sufuria zangu.

"Mwandishi," akasema kwa sauti ya kuita watu, "soma ukurasa wako wa thelathini na moja!"

Watu wakajaa. "Atasoma na nini?" mmoja akauliza. "Na kisogo?"

"Kile kifaa cha miguu mitatu nilifunga kipya kama ulivyoandika," Kipkurui akasema. "Bodi yote imeungua. Maziwa ya watu ya siku mbili tumemwaga kwa mtaro. Akina mama wanalia huko."

Gordon hakupiga kelele. "Mguu wa kushoto umeandikwa nini?"

"Ki."

"Ki gani?"

"Ki ni ki! Kwani kuna ngapi?"

Gordon akanyoosha kiganja. "Nichoree hapa."

Kipkurui akaichora kwa ukucha, polepole, kama anamfundisha mtoto wa nasari, na watu wakahesabu mistari kwa sauti: "Moja! Mbili! Tatu!" K.

Mkono wa Gordon ukajifunga. Uso wake ukageuka moja kwa moja mahali nilipokuwa, kwa sababu jiko langu lilikuwa linavuma.

"Mama Fancy," akasema. Hilo tu.

Nilijua. Kabla hajataja jina langu nilishajua. Nilichukua kikombe, nikakipangusa, nikauliza umati, "Nani anataka strungi, nani anataka ya maziwa?"

"Maziwa yatoke wapi?" mtu akajibu. "Si Ojwang ameyamwaga yote!"

Soko lote likacheka. Na mimi nikacheka, tena nilicheka vizuri.

Gordon alingoja kicheko kiishe. "Ni mimi nilikosea," akasema. "Ni macho."

Mafundi wakarudisha vitabu wiki hiyo hiyo. Wengine hawakushuka hata kwenye pikipiki, walivitupa tu mlangoni, naye akaviokota kwa kupapasa, kimoja kimoja. Hakuna aliyemletea tena hata redio ya betri. Dolphine, binti yake, akaja kumchukua akampeleka Kisumu, na kabla mvua za masika hazijaanza tukasikia amekufa. Vyuma viliuzwa kwa kilo, kama alivyosema. Dolphine akaniachia boksi la vile vitabu vilivyorudishwa.

"Baba alisema ukae nazo, mama. Alisema wewe ndiye ulizifanyia kazi."

Nilitoa ukurasa wa thelathini na moja katika kila kitabu na kuwashia jiko. Kurasa zingine nikafungia mandazi. Karatasi ni karatasi.

Mwaka huu Kipkurui akarudi. Alikuwa ameshika karatasi nne za mandazi, zina mafuta mpaka unaona upande wa pili.

"Chamgei, Mama Fancy. Hizi ulinifungia wewe. Ile bodi mpya ya tangi imekufa tena, na wenyewe wanasema ningoje miezi miwili. Nimepima kila mstari kwenye hizi karatasi. Huyo mzee alikuwa sawa kila mahali. Kila mahali! Nipe ule ukurasa wa miguu mitatu, nione alikosea wapi."

"Uliisha."

"Wote?"

"Wote."

Akageuka kwenda. Ningenyamaza, angeenda, na tungebaki hivyo. Sijui ni nini kilinifungua mdomo.

"Wa kushoto ni G," nikasema. "Wa kulia ni K."

"Umesema ki na ki."

"G na K!"

"Sasa hiyo ni tofauti gani, mama?"

Nikachukua kipande cha makaa na kuandika juu ya meza, kubwa. "Hii. G ya Gordon."

Aliiangalia. Halafu akainua macho kwenye ubao wangu wa chakula, ule wa GITHERI, akarudi kwenye meza. G yangu ina mkia unaojikunja, kwenye ubao, kwenye meza na kwenye zile karatasi mkononi mwake. Mwalimu wetu alitufundisha hivyo.

"Kumbe," akasema.

Hakunywa chai. Jioni hiyo tangi la Boito lilikuwa linapoza.

Nilidhani atawaambia watu kwamba Ojwang alikuwa fundi. Aliwaambia, lakini walichoshika ni kingine. Siku ya soko iliyofuata, kabla sijafunua sufuria, kijana wa bodaboda akaniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama Fancy! Leo kuna githeri ama kitheri?" Benchi zima likajishika mbavu. Sasa wananiita Mama Kitheri, hata watoto wa shule, na wateja wameongezeka kwa sababu ya kuja kucheka.

Nawapakulia. Wanakula, wanataka niseme gari, niseme gunia, niseme gazeti. Gordon hakuna anayemtaja.