Picha ya Korongo wa Silanga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira bado hunipanda. Nimelala kifudifudi kwenye nyasi za silanga, bwawa letu la udongo kule Kathonzweni, kamera mkononi, na korongo wote wameruka tena.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa msichana wa kuosha picha katika studio moja ya Makindu. Kuosha tu, kamera zilishikwa na wanaume. Nilimsumbua mwenye studio, Mzee Kioko, mpaka akacheka akaniazima moja kuukuu.

"Mvua imenyesha, ndege wa maji wako huko kwenu," akasema. "Niletee picha moja ya karibu, mpaka jicho lionekane. Ukishindwa, usiniambie tena maneno ya kamera."

Nami nilikuwa nimeapa sitazeekea kwenye chumba cha giza cha kuoshea picha. Basi nikanyemelea. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama hadi tumbo likachubuka, nikajifunika matawi, nikazuia pumzi. Ndege waliniona kabla sijawaona. Filamu ilikuwa inaniishia, na nilichokuwa nacho ni picha za mikia.

Ng'ambo ya pili akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja za kijiji, walikuwa wakichimbua tope lililojaza silanga, huku wakiimba. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alivuka akanisimamia kichwani.

"Mwende, watu wanachimba na wewe umelala kwa nyasi kama nyoka?"

"Susu, niko kazini."

"Kazi gani ya kulala? Mgeni siku mbili, ya tatu tunampa jembe, na wewe si mgeni hata. Kwa mwethya hakuna mtu wa kutazama. Shika karai!"

Maneno hayo yaliniuma, sikufichi, maana wote walisikia. Lakini sikuwa tayari kuacha kazi yangu wala kukaidi yao. Nikafunga kamera mgongoni kwa leso kama mtoto, nikabeba tope. Kesho yake nikabeba tena. Wale mama wakanitania, wakauliza huyo mtoto ananyonya saa ngapi.

Ni hapo, karai kichwani, nilipofumbuka macho. Kelele zote zile, majembe yote yale, na korongo walikuwa wakitembea nyuma ya akina mama wakiokota vyura waliofukuliwa topeni. Walimkimbia mtu mmoja tu, yule aliyejificha. Nilijicheka kwa sauti.

Sikunyemelea tena. Nilichimba, nikaimba, nikawaacha wanizoee. Siku ya kurudi Makindu ilipokaribia, korongo mmoja mkubwa alisimama kando ya jembe la Susu, chura mdomoni. Nikashusha karai polepole, nikavuta kamera kwa mikono ya tope, nikapiga.

Mzee Kioko aliipeleka picha ile dirishani, akaliona jicho la korongo.

"Nani alikupigia?"

"Nimepiga mimi. Na ukinipa filamu ingine, nitapiga ingine."

Jumamosi hiyo alinituma harusini, mimi na kamera, peke yangu.

Mwanangu, ukitaka kitu, king'ang'anie, na anayekwambia hakikufai mwache aseme, mdomo ni wake. Ila usikivizie kama mwizi. Nenda pale kinapopatikana, shika kazi utakayoikuta, simama wazi waliopo wakuone, ukae mpaka wakuzoee. Na mkubwa akikukemea, meza uchungu kwanza ndipo upime maneno. Mimi ningekaidi, ningekuwa naosha picha za wengine hadi leo.

Mungu akupe mgongo usiochoka na moyo usiorudi nyuma. Na ile siku unayoingoja itakapofika, ikukute kazini.