Lango Lililolia Gizani

Ndugu na marafiki wapendwa, nawasalimu kwa heshima. Mniwie radhi kwa kukawia kujibu salamu zenu.

Leo nimemsemesha marehemu mke wangu mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu.

Maabara yao ya sauti ilirekodi sauti za boma langu la Kathiani, wakanialika Machakos kusikiliza katika chumba chenye giza.

Lango likalia polepole, kama alivyokuwa akilifungua mke wangu.

Nikasema, "Mama Mutua, umechelewa leo."



Nikawaomba msamaha wanafunzi. Mhadhiri akajibu, "Hapana, Mzee. Turuhusu tuyahifadhi na hayo maneno."

Nimeruhusu. Mnaotaka kucheka, chekeni, mimi nimecheka.

Mutua mwanangu, lango ulilotaka kulitia mafuta lisiguswe. Binti yako Mwende atakurudishia kopo lako la mafuta, halijafunguliwa.