Koku wa Vyoo

Jana tulikuzika, Koku, na leo asubuhi nimekupigia simu. Kichwa kimekataa kabisa kuamini.

Kwa wasiomjua: Kokushubira alikuwa mchoraji wa majengo. Tuliajiriwa pamoja Bukoba, vita vya mpakani vimeisha, barabara ya Muleba imebaki mashimo matupu.

Mradi wetu wa barabara ukataka kituo cha mapumziko cha malori pale Izigo. Koku akapewa kuchora.

Jamani, ile design! Miti yote ibaki iwe kivuli. Paa likusanye mvua kwenye tenki. Vyoo vikavu, uchafu ugeuke mbolea ya migomba. Dereva aoge, ale, alale. Baa hakuna.

Baa hakuna kwa sababu ilikuwa miaka ya ukimwi, na Koku alikuwa ameshazika kaka zake wawili. Mmoja alikuwa dereva.

Kwenye meeting, bosi wetu aliishika ile drawing kama nepi chafu.

"Binti, tunajenga kituo au kibanja cha migomba? Dereva akishuka anataka bia na chumba."

"Na vyoo vyako vya maji, uchafu utaelekea wapi, mzee?"

"Bondeni."

"Bondeni kuna chemchemi. Watu wanakunywa."

"Basi wachemshe!"

Mkacheka. Ndiyo, ninyi wenzetu wa ofisini mnaoposti mishumaa leo. Mlicheka mpaka chai ikawapalia, na tangu siku hiyo mkamwita Koku wa Vyoo.

Mkafyeka miti. Mkajenga baa, na vyumba nyuma yake. Mvua za kwanza tu, kinyesi kikashuka chemchemini. Watoto wa Izigo wakaanza kuharisha.

Koku hakuandika ripoti. Alikwenda Izigo, akarudi na akina mama, kila mmoja na ndoo yake ya maji ya chemchemi. Waliingia ofisini bila hodi. Koku akachota kikombe, akakiweka mezani kwa bosi.

"Chemsha, mzee. Unywe."

Bosi akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Akatokea mlango wa nyuma. Mwanaume mzima!

Walimfukuza kazi wiki hiyohiyo. Lakini bomba la maji taka lilizibwa, na ng'ambo ya barabara Koku na wale akina mama wakajenga vyoo vyake, wakaweka tenki, wakapanda miti upya. Taratibu malori yakahamia kwao. Baa ikabakiwa na nzi.

Wageni wa mradi walipokuja, mliwapeleka kuona vile vyoo. "Concept yetu," mkasema. Aibu hamkuumbiwa.

Na jana pale kaburini Kishanda, udongo haujakauka, mkaomba mic. Binti yake aliwajibu kwa adabu ambayo hamkuistahili:

"Shikamooni wazee. Watazungumza majirani tu. Ninyi mama hakuwahi kututajia."

Mkarudi kwenye magari yenu. Mama mmoja wa Izigo akasimama, akaongea Kihaya mwanzo mwisho, na watu wote wakalia.

Koku wangu, uliwashinda ukiwa hai. Sasa waache. Lala pema, waitu, mpendwa wetu.