Jina Ambalo Mwizi Alilitaja

Habari ililetwa mwezi uliopita na dereva wa gari la mizigo litokalo Endulen, nikiwa nafungua duka langu la vifaa vya ofisi hapa Karatu. Alisimamisha gari, akashusha kioo, akasema, "Mwalimu, yule mzee wako wa Kakesio amelala." Hakutaja jina, nami sikuuliza. Sijawahi kuwa mwalimu. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe, lakini katika mji huu mtu anayewajazia wenzake fomu mtandaoni na kuwaelekeza matumizi ya simu huitwa mwalimu apende asipende. Nilimalizia kufungua mlango, nikapanga karatasi zangu kama kila siku, kisha nikagundua kwamba nimezipanga vibaya. Wasomaji wa safu hii watanisamehe kwa kutomtaja marehemu leo. Sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza.

Alikuwa mfugaji, mtu wa maswali. Siku za mnada aliegemeza fimbo yake kwenye kaunta yangu na kuuliza kila kitu kinavyofanya kazi: mashine ya kurudufia inapataje picha, ujumbe wa simu unapita wapi mvua ikinyesha. Wanunuzi wa ng'ombe walipoanza kukataa kutembea na fedha taslimu, alikubali kufungua akaunti ya benki na kuitumia kwa simu. Siku ya kufungua, karani alimwuliza jina la mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa amekwisha kufariki, na kwa wazee wa upande wao, aliyefariki hatajwi tena jina na watu wa nyumba yake. Husemwa tu "yeyo", yaani mama, au "yule wa boma la chini", na wote huelewa. Mzee aliinuka akatoka nje kutazama magari. Mwanawe, aliyekwenda shule na ambaye kwake jina ni jina tu, alilitamka, karani akaliandika. Mzee aliporudi ndani alikuta mambo yamekwisha, akaweka alama ya kidole.

Ukame ulipokuja aliuza karibu ng'ombe wake wote mapema, kabla hawajakonda. Hesabu yake ilikuwa kwamba nyasi zikirudi atanunua mitamba na kuanza kundi upya. Maisha ya nyumba nzima yalikuwa yamewekwa ndani ya ile akaunti. Ndipo mtu fulani akairudisha laini ya mzee kwenye simu nyingine, kama afanyavyo mtu aliyepoteza simu, na simu ya mzee ikakatika mtandao. Mjini, simu ikikosa mtandao asubuhi, kabla ya mchana mwenyewe ameanza kuuliza. Kakesio kukosa mtandao si habari. Mzee alipanda kilima ambacho watu hupanda ili kuupata, hakuupata, akashuka akawaambia wenzake kwamba mnara umekufa tena. Wakati wao wakiulaumu mnara, mwizi alipiga simu benki, akadai amesahau namba ya siri, akaulizwa maswali ya usalama, akayajibu, akapewa namba mpya. Mzee alipokuja Karatu kulipia mitamba, akaunti ilikuwa tupu.

Tulipiga simu huduma kwa wateja tukiwa dukani kwangu, spika ikiwa wazi. Aliyepokea alikuwa binti mwenye adabu nzuri. Aliuliza majina kamili, akapewa. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa, akapewa ile iliyoandikwa kwenye kitambulisho, ambayo kama ilivyo kwa wazee wengi iliamuliwa na karani. Kisha akauliza jina la mama. Mzee aliitazama simu.

"Niulize kingine," akasema. "Niulize chapa ya ng'ombe wangu."

"Samahani mzee wangu, kwenye mfumo wangu hakuna ng'ombe."

"Basi huo mfumo haunijui."

Mama muuza chai, Mwiraqw ambaye meza yake iko barazani kwangu, aliingiza kichwa. "Taja tu, baba. Mama yako hatasikia huku Karatu."

"Na akisikia?"

Mama wa chai alicheka, kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye birika lake. Binti aliomba radhi, akasema kwamba kwa ajili ya usalama wa akaunti hawezi kuendelea. Kwa hiyo, ili kusema ameibiwa, mzee alitakiwa kwanza apite pale pale mwizi alipopita, na yeye hakuweza.

Tulikwenda tawini. Afisa wa meza ya huduma, dada kijana, alimtambua kwa alama za vidole bila shida, akapeleka malalamiko makao makuu. Jibu lilipokuja nilikuwa nimemsindikiza tena. Dada alilisoma polepole: aliyepiga simu alijibu maswali yote kwa usahihi, kwa hiyo miamala ile inahesabiwa kuwa ya mteja mwenyewe.

"Yote?" mzee akauliza.

"Yote, mzee."

"Hata la mama yangu?"

Dada akarudi kwenye karatasi. "Hata hilo. Wanasema alilitaja bila kusita."

"Basi kazi yenu imekwisha," mzee akasema. "Aliyelitaja si mimi."

Dada aliweka kalamu chini. Nilidhani ataona ni ujanja, lakini aliomba aelezwe, na mzee akamweleza kwa utulivu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Jina lile, alisema, linajulikana na boma zima, hadi watoto. Halimpi mwizi tabu mdomoni. "Mmejenga zizi ambalo fisi anapita na mwenye ng'ombe anazuiwa mlangoni." Dada aliyaandika maelezo yote kwa mkono wake, akamsomea, akayapeleka makao makuu. Sijui ilimgharimu nini kuandika sentensi kama ile kwa wakubwa wake, kwamba jibu sahihi ndilo ushahidi kuwa anayejibu hakuwa mteja.

Tangu siku ile situlii. Nimesoma kiasi juu ya mambo haya, kwa kuwa ndiyo ninayowasaidia watu kila siku. Benki humtambua mteja kwa anachokijua, kwa alichonacho mkononi, au kwa mwili wake. Yote yana maana yake, na siwalaumu waliobuni. Wezi wapo na lazima pawepo mlango. Lakini swali la jina la mama lilibuniwa na watu wanaoishi na majirani wasiowajua. Huku kwetu, kuanzia Kansay hadi Enguserosambu, ukoo wa mtu ndiyo salamu. Mwulize mtoto yeyote njiani nyumba ya fulani, atakuonyesha, na atakuambia bibi yake alitoka wapi. Tumechukua jambo linalojulikana na kila mtu tukaliita siri, tukalikabidhi kazi ya kulinda kundi zima la ng'ombe. Tena tunalikariri kwa sauti madukani, spika ikiwa wazi, nami nikiwa wa kwanza kuibonyeza. Siku hizi mteja akianza kujibu maswali kama hayo ndani ya duka langu, najikuta nawatazama waliopanga foleni nyuma yake, nyuso ninazozijua, nami nachukia kuwatazama hivyo.

Siku ile, tulipokuwa tunasubiri gari la kumrudisha, nilimwuliza mzee kama anamshuku mtu. "Nikianza, nitawashuku wote," akasema. "Na jioni hii nitakula nao." Fedha zilimwuma, sikatai. Aliinunua mitamba ile kichwani mwake mara nyingi mno. Lakini nilivyomwona, lililomnyima raha zaidi ni kwamba mtu aliyelelewa kwenye moto uleule alilichukua jina la yule mama na kulitia katika sikio la mgeni ili apewe namba. Kila mnada aliingia dukani na kuuliza neno moja tu, "Wamejibu?" Nami nikasema bado. Aliondoka duniani bila kujibiwa.

Wiki hii mjane wake alikuja na mwanawe kutoa taarifa ya kifo benki, na walinipitia. Pale tawini nilikaa kiti cha pembeni. Dada ni yuleyule. Utaratibu unamtaka anayeleta taarifa ataje majina kamili ya marehemu, na nilimwona akifungua kinywa kuuliza. Alimtazama yule mama, aliyejifunika shuka hadi kidevuni na macho yake mezani. Akakifunga. Badala yake aligeuza kioo cha kompyuta, ambacho kilikuwa na picha ya mzee ile ya kitambulisho, akiwa amekodoa macho kama aliyeulizwa swali gumu.

"Mama," dada akasema, "huyu ni wako?"

Mjane aliinua macho. "Ni wangu."

Dada akaandika alichotakiwa kuandika, bila kukisema. Nilipogeuka kumtafuta kijana, yule aliyewahi kulitamka jina la bibi yake mbele ya karani, sikumwona ndani. Alikuwa ametoka nje, amesimama kando ya barabara, akitazama magari. Sijui alitoka kwa sababu gani, na nimejizuia kukisia.

Fedha hazijarudi hadi ninapoandika haya. Juzi nami nilipiga simu benki kwa jambo dogo, nikaulizwa jina la mama yangu, ambaye pia yuko kaburini. Nililitaja upesi, kama mtu anayetaja namba ya gari, nikaambiwa asante, nimethibitishwa. Sisemi desturi ya Kakesio iwe ya wote, wala mabenki yafunge maswali yao kesho. Nasema anayejibu haraka asiaminiwe kwa haraka yake, na anayenyamaza asifukuzwe mlangoni kabla hajatazamwa usoni. Dada wa tawini alijifunza hilo kwa kukaa meza moja na mzee mmoja, na amelifanyia kazi. Nami nimejaribu hapa, tangu mstari wa kwanza, kumsimulia bila kumtaja. Wa kwake wanamjua.